Upande Unaolika: Historia ya Uimara wa Viunganishi vya Kompyuta

Kiunganishi ni kifaa kinachoziwezesha nyaya mbili kukutana na kuachana bila kukatwa wala kulehemiwa upya, na kwa kawaida huwa na pande mbili: plagi, yaani upande unaochomekwa, ambao mara nyingi hufungwa kwenye ncha ya kebo, na tundu, yaani upande unaopokea, ambao hujengwa ndani ya mashine. Ndani ya pande hizo mna vipande vyembamba vya metali viitwavyo pini, na upande mmojawapo lazima uwe na springi, yaani kipande kinachopinda kikisukumwa na kurudi kikiachiwa, ili metali ya upande huu iikandamize metali ya upande ule kwa nguvu ya kutosha kupitisha umeme. Kazi hiyo ina mgongano ndani yake ambao umewasumbua wahandisi kwa karibu karne moja na nusu, kwa kuwa kinachobana sana hukwaruza sana, na kinachoingia kwa ulaini mno hakiaminiki kushika. Kila plagi inapoingia na kutoka, chembe za metali hung'oka, springi hupoteza sehemu ndogo ya ukakamavu wake, na vumbi hupata nafasi ya kuingia. Kwa sababu hiyo wahandisi wamelazimika kujibu maswali mawili katika kila kizazi cha viunganishi: kifaa kivumilie kuchomekwa na kuchomolewa mara ngapi, na pande mbili zinaposuguana, upande upi ukubali kulika ili mwingine usalimike. Swali la kwanza lina tarakimu, na kwa hiyo huandikwa kwenye vitabu vya viwango na kwenye matangazo ya biashara. La pili limezungumzwa kidogo, ingawa ndilo lililoamua ni nani atakayebeba gharama ya uchakavu.

Maswali hayo yalianza kwenye simu kabla ya kufika kwenye kompyuta. Mnamo Januari 1878, katika mji wa New Haven, jimbo la Connecticut nchini Marekani, kilifunguliwa kituo cha kwanza cha kibiashara cha kuunganisha wapiga simu, na katika miaka iliyofuata vituo vya namna hiyo vilijaa mbao kubwa zenye matundu mengi, ambazo waendeshaji wake, wengi wao wanawake vijana, waliunganisha mazungumzo kwa kuchukua waya wenye plagi na kuuchomeka kwenye tundu la mteja aliyehitajika, kisha kuuchomoa mazungumzo yalipokwisha. Plagi hiyo yenye kipenyo cha robo inchi, yaani milimita 6.35, ilikuwa kijiti kinene cha metali kisicho na sehemu yoyote ya kupinda, huku springi zikiwa ndani ya tundu, na umbo lake halijatoweka hadi leo, kwani ndilo linalotumika kwenye magitaa ya umeme na vikuza sauti vya kumbi za muziki. Kilichochakaa upesi zaidi kilikuwa waya wenyewe, hasa pale ulipotokea kwenye shingo ya plagi, mahali panapopindwa kila mara, na waya ulikuwa kitu ambacho fundi aliweza kukiondoa na kukibadilisha bila kuusimamisha ubao mzima. Tayari, basi, palikuwa na mpangilio wa busara ambao haukuhitaji nadharia: kinachoshikwa na mkono ndicho kichakae, na kilichojengwa ukutani kidumu.

Mashine za kwanza za kuhesabu kwa umeme zilirithi nyaya hizo za simu pamoja na matatizo yake. ENIAC, iliyojengwa katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania mjini Philadelphia na kuonyeshwa hadharani mwaka 1946, haikupewa maagizo kwa maandishi bali kwa kuchomeka nyaya na kupanga swichi, na wanawake sita walioiandalia hesabu zake, wakiwamo Kay McNulty na Betty Jennings, walihamisha kebo kutoka sehemu moja ya mashine hadi nyingine kila hesabu ilipobadilika, kazi iliyoweza kuchukua siku kadhaa. Katika ofisi zilizotumia mashine za IBM za kusoma kadi zilizotobolewa, tatizo hilohilo lilipata suluhisho la kuvutia: nyaya zilipangwa kwenye ubao unaoweza kutolewa mzima, ukahifadhiwa rafuni na nyaya zake zote, na ubao mwingine uliokwisha kupangwa kwa kazi nyingine ukawekwa mahali pake. Pamoja na kuokoa muda, utaratibu huo uliziepusha nyaya nyingi na uchakavu wa kuchomekwa upya kila siku, kwa kuwa mkono wa binadamu uligusa kitu kimoja kikubwa badala ya mamia ya vitu vidogo.

Elimu ya kueleza kinachotokea pale metali mbili zinapokutana ilikuwa ikijengwa wakati huohuo na watu ambao hawakuwa wakifikiria kompyuta. Ragnar Holm, mwanafizikia wa Uswidi aliyefanya utafiti wake kwa muda mrefu katika kampuni ya Siemens mjini Berlin, alionyesha kwamba nyuso mbili za metali, hata zikisuguliwa hadi ziwe kama kioo, hazigusani kila mahali bali kwenye vilele vichache mno vya mabonde na milima midogo isiyoonekana kwa macho, na kwamba umeme wote unaopita lazima ujibane na kupenya kwenye madoa hayo machache. Kubanwa huko ndiko kunakozaa sehemu kubwa ya ukinzani, yaani kipingamizi dhidi ya mkondo wa umeme, na ukinzani ukizidi huleta joto. Huko Cambridge, Uingereza, Frank Bowden na David Tabor walifikia picha hiyohiyo kwa njia ya msuguano, na kitabu chao cha mwaka 1950 kuhusu msuguano na ulainishaji wa vitu vigumu kiliwafundisha wahandisi kwamba eneo halisi la kugusana hutegemea nguvu ya kukandamiza na ugumu wa metali kuliko ukubwa wa nyuso zinazoonekana. Maana yake kwa mtengenezaji wa viunganishi ilikuwa nzito, kwa kuwa pini pana zisizokandamizwa ipasavyo hazina faida, na pini nyembamba yenye springi nzuri yaweza kubeba kazi ya pini kubwa.

Kutokana na maarifa hayo matumizi ya dhahabu yalipata maelezo yake kamili. Dhahabu si kipitishi bora cha umeme kuliko vyote, kwani fedha na shaba huishinda, lakini haishiki kutu katika hewa ya kawaida, na kwa hiyo vilele vyake vidogo hukutana metali kwa metali bila utando katikati. Dhahabu tupu, hata hivyo, ni laini mno na hulika upesi, kwa hiyo huchanganywa na kiasi kidogo sana cha kobalti au nikeli ili iwe ngumu, na chini yake huwekwa tabaka la nikeli linaloizuia shaba ya ndani isipenye kuja juu na kuota kutu. Unene wa kawaida wa dhahabu kwenye pini nzuri ni kama mikromita 0.76, yaani chini ya sehemu moja ya elfu ya milimita, na kwenye pini za bei rahisi ni pungufu zaidi ya hapo kiasi cha kuwa rangi tu. Uhai wa kiunganishi unategemea kwa sehemu kubwa tabaka hilo, kwa kuwa likishakwaruzwa hadi nikeli na shaba zikaonekana, hewa na unyevu huanza kazi yake na mguso uliokuwa wa kuaminika huwa wa kubahatisha.

Inafaa kutaja hapa jambo ambalo huenda likashangaza, nalo ni kwamba kutochomolewa kabisa kunaweza kukiharibu kiunganishi sawasawa na kuchomolewa mno. Pini inapoteleza juu ya pini nyingine wakati wa kuchomeka, hufanya kazi ya kufagia, ikiondoa uchafu na utando mwembamba wa kutu, na wahandisi huuhesabu mtelezo huo kuwa sehemu ya lazima ya muundo. Pini zilizopakwa bati badala ya dhahabu, kwa kuwa bati ni rahisi, hupatwa na maradhi ya pekee: mashine inapopata joto na kupoa, au inapotikiswa, pini husogea huku na huko kwa umbali wa mikromita chache tu, na kila msogeo hufunua bati jipya ambalo hugeuka mara moja kuwa oksidi, yaani unga mgumu usiopitisha umeme, hadi unga huo ukajaa na kuvunja mguso. Mafundi wa kompyuta za miaka ya 1980 waliijua dalili hiyo kwa vidole vyao, kwani mara nyingi mashine iliyokataa kuwaka ilipona baada ya kufunguliwa na vipande vyake vya kumbukumbu kukandamizwa upya kwenye soketi zao.

Kiunganishi kilichotawala kompyuta kwa miongo mitatu kilizaliwa mwaka 1952 katika kampuni ya Cannon ya Los Angeles, ambayo James Cannon aliianzisha mwaka 1915. Kilikuwa na ganda la metali lenye umbo la herufi D, ili kisiweze kuingizwa kinyume, na safu za pini zenye unene wa takriban milimita moja zilizoingia kwenye vishimo vya upande wa pili, kisha skrubu mbili za kukaza pembeni. Kiwango cha mawasiliano cha RS-232, kilichotangazwa Marekani mwaka 1960, kilikuja kuambatana nacho, na kompyuta binafsi ya IBM ya mwaka 1981 ilikitumia kwa printa na kwa modemu. Ni muundo wa watu waliodhani kwamba kifaa kitaunganishwa mara moja, kikazwe kwa bisibisi, na kuachwa nyuma ya meza kwa miaka, na kwa matumizi hayo ulikuwa imara kuliko karibu vyote vilivyoufuata. Dosari yake ilionekana pale watu walipoanza kuhamisha vifaa mara kwa mara, kwa kuwa pini nyembamba zilizosimama wima zilipinda kwa urahisi zilipokosea vishimo vyake. Katika kebo ya monita ya aina ya VGA, iliyoletwa na IBM mwaka 1987, pini zilikuwa upande wa kebo, na aliyezipinda alipoteza kebo tu. Lakini katika tundu la mawasiliano ya mfululizo la kompyuta hizohizo, pini zilisimama upande wa kompyuta, na kosa dogo la mkono liligharimu mashine. Tofauti hiyo haikuwa na sababu ya kimakanika. Ilitokana na desturi ya kutenganisha aina za vifaa kwa jinsia ya kiunganishi, yaani kama kina pini au vishimo, na ni mfano wa wazi wa swali la upande unaolika kuamuliwa na mambo yasiyohusiana kabisa na kulika.

Sambamba na hayo, kampuni za simu za Marekani zilikuwa zimetengeneza plagi ndogo ya plastiki angavu yenye ulimi wa kujifunga, ambayo baadaye, ikiwa na nafasi nane za pini, iliingia kwenye mitandao ya kompyuta na kuenea sana baada ya kiwango cha Etheneti ya nyaya za shaba zilizosokotwa kutolewa mwaka 1990. Kiwango cha kimataifa kinachoihusu, IEC 60603-7, kimeweka ngazi mbili za uimara, mizunguko 750 na mizunguko 2,500, mzunguko mmoja ukiwa ni kuchomeka mara moja na kuchomoa mara moja. Kwa kawaida, hata hivyo, kinachoshindwa mapema katika kebo hizo ni ule ulimi wa plastiki, ambao hunaswa kebo inapovutwa katikati ya nyaya nyingine na kukatika, ingawa pini zenyewe bado ni nzima. Kwa bahati njema ulimi uko kwenye kebo, na fundi wa mtandao mwenye koleo lake hukata kichwa kibovu na kubana kipya kwa muda mfupi na kwa gharama ndogo, kwa hiyo udhaifu huo, ingawa unakera, haujawahi kuwa msiba.

Mabadiliko makubwa yalianza mwaka 1994, pale kampuni saba, zikiwamo Intel, Microsoft, IBM, Compaq na NEC, zilipoanza kutayarisha njia moja ya kuunganisha vifaa vyote vya pembeni, na toleo la kwanza la USB likatolewa Januari 1996. Ajay Bhatt, mhandisi wa Intel mzaliwa wa India, ndiye anayetajwa zaidi katika kazi hiyo, na lengo lake lilikuwa kumwezesha mtu asiye fundi kuchomeka kifaa bila kuzima kompyuta. Kwa ajili hiyo plagi ya USB ilipewa pini bapa zilizolala juu ya kipande cha plastiki, zisizoweza kupinda, na pini mbili za kupeleka nguvu zilifanywa ndefu kidogo kuliko mbili za taarifa, ili nguvu itangulie kuingia na iwe ya mwisho kutoka. Uimara uliotakiwa ulikuwa mizunguko 1,500, na kipimo chake kilifanywa na mashine iliyochomeka na kuchomoa kwa kasi isiyozidi mara 200 kwa saa, kisha ukinzani wa pini ukapimwa ili kuhakikisha kwamba haukuvuka miliomu 30, miliomu ikiwa ni sehemu moja ya elfu ya omu, kizio cha ukinzani.

Idadi hiyo ya 1,500 ilitosha kwa dunia iliyokusudiwa. Printa, kibodi na kipanya hukaa mahali pamoja, na hata mtu akizichomoa mara moja kila siku, miaka minne hupita kabla ya kuifikia. Hesabu ilivurugwa na vifaa ambavyo havikuwapo kiwango kilipoandikwa. Vijiti vya kumbukumbu, ambavyo wasemaji wengi wa Kiswahili huviita flashi, vilianza kuuzwa mwaka 2000, na katika vyumba vya intaneti, maofisi na maduka ya kuchapisha nyaraka, kompyuta moja iliweza kuchomekwa flashi za wateja makumi kadhaa kwa siku moja, kiasi kwamba mizunguko 1,500 iliisha katika miezi michache. Na hapo udhaifu wa uamuzi wa awali ulijitokeza, kwa kuwa katika USB ya kwanza springi ziko ndani ya tundu, upande wa kompyuta, na flashi yenye pini bapa haikuwa na cha kuchoka. Tundu lililolegea lilimaanisha kompyuta iliyopungukiwa, na wenye maduka waliojua walichomeka kebo fupi ya nyongeza na kuiacha hapo daima, ili wateja wachomeke kwenye kebo hiyo ya bei ndogo badala ya kwenye mashine.

Simu na kamera zilihitaji plagi ndogo zaidi, na mwaka 2000 ilikuja ile iliyoitwa Mini, yenye uimara wa mizunguko 5,000. Idadi ilipanda zaidi ya mara tatu, lakini springi zilibaki ndani ya kifaa, na sasa kifaa kilikuwa kile kinachochajiwa kila usiku. Hatua iliyofuata inastahili kutazamwa kwa makini kuliko nyingine zote katika historia hii. Mnamo Januari 2007, chama kinachosimamia viwango vya USB kilipotangaza aina ya Micro, kilibadilisha mpangilio wenyewe. Plagi mpya ilikuwa na takriban nusu ya unene wa Mini, ganda lake lilikuwa la chuma kisichoshika kutu, na uimara wake ulitakiwa kufikia mizunguko 10,000. Lakini jambo kubwa zaidi ni kwamba springi na kulabu ndogo za kuishikilia plagi ziliondolewa ndani ya simu na kuhamishiwa kwenye plagi, huku simu ikibakiwa na pini bapa zisizosogea. Tangu siku hiyo, kilichochoka kwanza kilikuwa kebo. Mpangilio wa mbao za simu za karne ya 19, ambapo kilichoshikwa na mkono kiliumia kwa niaba ya kilichojengwa ukutani, ulirudi ukiwa umefanywa kwa makusudi na kuandikwa kwenye kiwango.

Mwaka 2009 Tume ya Ulaya ilikubaliana na watengenezaji wakuu wa simu kwamba Micro-USB iwe njia ya pamoja ya kuchaji, na mamia ya mamilioni ya simu zikaifuata, zikiwamo zile za bei nafuu zilizoingia Afrika Mashariki. Huko ndiko mipaka ya tarakimu 10,000 ilipoonekana vizuri. Mtu anayechaji mara tatu kwa siku angehitaji zaidi ya miaka tisa kuifikia, lakini mafundi wa Kariakoo mjini Dar es Salaam na wa Luthuli Avenue mjini Nairobi walizoea kuletewa simu zenye matundu ya chaji yaliyokufa zikiwa bado changa. Sababu haikuwa kwamba kiwango kilidanganya. Mashine ya maabara huchomeka kwa kunyoosha, katika hewa safi, bila haraka, ilhali mwenye simu huichomeka gizani, huitumia ikiwa bado inachajiwa, huivuta kebo kwa pembe, na nguvu hiyo ya ubavu haiishii kwenye pini bali hushuka hadi kwenye sehemu ndogo za lehemu zinazolishikilia tundu juu ya bodi ya saketi. Tundu la Micro lililolehemiwa juujuu bila miguu ya kupenya bodi hung'oka pamoja na ngozi ya shaba iliyo chini yake, na hapo fundi hana budi kuunganisha nyaya nyembamba kama nywele chini ya lenzi ili kuirudishia simu uhai.

Katika miji ya pwani, kama Mombasa, Tanga na Unguja, huongezeka adui mwingine. Chumvi iliyomo hewani na unyevu wa mwili, kwa kuwa simu hukaa mfukoni karibu na jasho, huweza kutengeneza utando unaopitisha umeme kati ya pini ya nguvu na jirani yake, na kwa kuwa pini hiyo ina volti tano wakati wote chaji inapokuwa imechomekwa, metali huyeyuka polepole kutoka upande mmoja na kuacha doa jeusi. Uharibifu huo hauhesabiwi kwa mizunguko. Unaweza kutokea kwenye tundu lililotumika mara mia mbili tu, na ndiyo maana fundi mzoefu hutazama rangi ya pini na vumbi lililoshindiliwa ndani ya tundu kabla ya kuhukumu kwamba tundu limechoka, kwani mara nyingi sindano ya plastiki na brashi laini hutosha.

Si kila kiunganishi kilitakiwa kuvumilia hayo, na haingekuwa haki kuvipima vyote kwa kipimo kimoja. Kebo ya ndani ya SATA, inayounganisha diski na bodi kuu ya kompyuta, ilitengenezwa kwa mizunguko 50 tu, kwa kuwa aliyeiweka alitarajiwa kufunga kifuniko na kutokirudia kwa miaka. Ni idadi inayotosha kabisa ndani ya sanduku la kompyuta na isiyofaa hata kidogo kwenye meza ya fundi anayepima diski za wateja kila siku. HDMI, iliyotolewa mwishoni mwa mwaka 2002 kwa ajili ya televisheni, ilipewa 10,000. Na kampuni ya Apple, mwaka 2006, ilijaribu kukwepa tatizo lenyewe kwa plagi ya chaji ya kompyuta mpakato iliyoshikwa na sumaku, ili mtu akijikwaa kwenye kebo plagi ibanduke badala ya kuvunja tundu.

Kampuni hiyohiyo ilileta mwaka 2012 plagi iliyoitwa Lightning, na miaka miwili baadaye, Agosti 2014, kilitolewa kiwango cha USB-C. Zote mbili huingia upande wowote, jambo lililopunguza kulazimisha plagi kinyume, lakini zilijibu swali la upande unaolika kwa njia zinazopingana. Lightning ni ulimi mgumu wa metali wenye pini nane kila uso, na springi zake ziko ndani ya simu. USB-C ina ulimi mwembamba, chini ya milimita moja, katikati ya tundu la kifaa, wenye pini 12 juu na 12 chini, na springi zote pamoja na vibano vya ubavuni viko kwenye plagi. Waliopendelea Lightning walisema kwamba ulimi ukivunjika ni bora uvunjike ule wa kebo kuliko ule wa simu, na hoja hiyo ina uzito wake. Lakini kuvunjika ni ajali, na kuchoka ni hakika; springi itachoka popote ilipo, na kuiweka ndani ya kifaa cha gharama kubwa ni kumwandikia mwenye kifaa deni ambalo hakuliomba. Kwa kipimo hicho USB-C, yenye mizunguko yake 10,000, ilichagua vizuri zaidi, ingawa ulimi wake umewafanya watumiaji kuwa waangalifu wanapochokonoa vumbi kwa vitu vya chuma.

Sheria ndiyo iliyomaliza ushindani huo. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2022 agizo namba 2022/2380, lililotaka simu, tableti, kamera na vifaa vingine vidogo vinavyouzwa huko viwe na USB-C kuanzia tarehe 28 Desemba 2024, na kompyuta mpakato kuanzia tarehe 28 Aprili 2026, na Apple yenyewe ikaihamia katika iPhone 15 ya Septemba 2023. Sababu kuu iliyotolewa ilikuwa kupunguza taka za chaja na kuwapunguzia wanunuzi gharama, wala si uchakavu wa pini. Hata hivyo matokeo yake ni kwamba mpangilio wa kuiacha kebo ilike umekuwa wa lazima katika soko moja kubwa, na watengenezaji wengi hawaoni faida ya kutengeneza simu tofauti kwa ajili ya masoko mengine.

Kuna badiliko jingine, tulivu zaidi, ambalo mafundi walilishuhudia kabla ya watunga sheria. Watengenezaji wengi wameacha kulilehemu tundu la chaji juu ya bodi kuu, na badala yake wameliweka kwenye bodi ndogo ya chini inayofungwa kwa skrubu na kuunganishwa kwa utepe, hivi kwamba tundu likifa hubadilishwa bodi hiyo peke yake, kwa dakika chache na bila kuhatarisha kichakataji cha simu. Kanuni nyingine ya Umoja wa Ulaya, namba 2023/1670, iliyoanza kutumika kwa simu na tableti tarehe 20 Juni 2025, imelitaja tundu la chaji kwa jina katika orodha ya vipuri ambavyo mtengenezaji analazimika kuwapatia mafundi kwa miaka saba baada ya aina hiyo ya simu kuacha kuingizwa sokoni. Tundu limewekwa humo pamoja na betri, kamera, spika na maikrofoni.